Chuma cha Nyuma

Kichwa cha ndugu yangu kilikuwa kati ya viganja vyangu. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya ambulensi, viwiko nimevikaza kwenye ukingo wa machela, na nilikuwa na kazi moja tu: kichwa kile kisicheze. Mtu aliyeumia uti wa mgongo hushikwa hivyo, shingo na kiwiliwili vibaki mstari mmoja. Kola ya shingo tulikuwa tumemvika. Mikanda tulikuwa tumeifunga. Lakini mikanda hushika kifua na mapaja. Kichwa hushikwa na mtu, na mtu mwenyewe anarushwa huku na huku pamoja na gari.

Barabara ya marram, udongo na changarawe tupu, kutoka kwenye machimbo ya mawe ilikuwa imeliwa na mvua upande mmoja. Gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia nalo lilivutwa, gari zima likatupa bega upande, kisha likarudi upande wa pili kwa kishindo kabla sijapumua. Halikuwa likiyumba. Kuyumba huja polepole, mwili ukapata nafasi ya kujiandaa. Gari hili lilikuwa linatikisa kichwa, kama ng'ombe anayefukuza nzi.

"Nduku," Muthoka akasema. Macho yake yalikuwa kwenye dari. "Mwambie aende pole."

Niligonga kwa kisigino ukuta unaotutenga na dereva, maana mikono sikuweza kuitoa. Kidirisha kilikuwa wazi.

"Kaleli, punguza."

"Vumilieni kidogo," sauti ikarudi. "Lami iko karibu."

Dereva alikuwa mume wangu.

*

Ambulensi ile ilikuwa ya kanisa letu la Ngoliba. Ilikuja ikiwa imeshatumika miaka mingi kwingineko, van ndefu nyeupe ambayo paa lake lilikuwa limeinuliwa ili mhudumu aweze kusimama ndani. Juu kulikuwa na makabati, mtungi wa hewa, taa, na kiyoyozi ambacho hakikuwahi kufanya kazi. Uzito wote ulikuwa kichwani. Kwenye kona gari lilitembea kama mama aliyejitwika debe la maji lililojaa pomoni, kila hatua akihesabu shingo yake.

Kaleli alipewa kuliendesha kwa sababu alikuwa dereva wa lori kwa miaka mingi na hakuwa na doa. Mimi nilikuwa nimesomea uuguzi, nikawekwa nyuma na wagonjwa. Watu walipenda kutuona hivyo, mume mbele na mke nyuma, na mwenyekiti wa kamati, Mzee Maluki, alizoea kusema kanisani kwamba Mungu ameipa Ngoliba nyumba yenye magurudumu. Mbele za watu Kaleli aliniita Sista Nduku. Nyumbani aliniita Nduku tu, na akiwa na furaha, Ndu.

Siku iliyobadilisha mambo, tulikuwa tumembeba mama mjamzito aitwaye Wavinya, uchungu umemshika. Tulikuwa barabara ya Garissa tukielekea Thika, tunashuka kwenye ile kona kabla ya daraja, na mbuzi akakatiza. Kaleli alivuta usukani. Gari lililala. Nasema lililala kwa maana yake yote: niliona lami kupitia dirisha la pembeni, karibu kabisa, mawe yake madogo yakipita kama mchele. Makabati yalifunguka, glavu na bandeji zikatumwagikia. Kisha likainuka, likalalia upande wa pili, likasimama.

Wavinya alijifungua salama. Lakini Kaleli alipoletewa chai pale nje ya wodi, kikombe hakukigusa kwa midomo. Alikiweka chini kwenye sakafu na kukitazama. Sikuwa nimewahi kumwona mume wangu akiogopa.

"Magurudumu ya upande mmoja yalitoka chini," aliniambia. "Nimeyasikia yakitoka. Nilikuwa naua watu watatu, Nduku. Na wewe ukiwa mmoja wao."

Kwa siku nyingi baada ya hapo aliendesha kama mtu anayevuka mto usiku. Magari yote yalitupita. Hata mikokoteni ya punda, watu walisema, wakicheka.

*

Fundi alimpata Ruiru, Kimbo, nyuma ya maduka, kwenye gereji ya mabati yenye mkuyu mmoja mlangoni. Aliitwa Odongo. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na alikuwa amewahi kutengeneza magari ya mashindano, picha zake zikiwa zimebandikwa ukutani, magari yenye matope yakiruka hewani. Kaleli alizitazama picha zile kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeandamana naye kwa sababu siku hiyo tulikuwa tumeshusha mgonjwa Thika na hatukuwa na wa kumrudisha.

Odongo aliinua gari kwa jeki, akalala chini, akamwita Kaleli alale naye. Mimi nilichuchumaa pembeni.

"Unaona hii chuma inapita kutoka gurudumu hii mpaka ile ingine? Hii ndio stabilaiza. Ukikata kona, body inataka kulala. Hii inajipinda, inaikatalia. Ikiwa nyembamba, inakatalia kidogo tu. Na hii yako ni nyembamba, cheki, kama kidole. Ilitengenezewa gari bila huo mzigo wote juu."

"Na ikiwa nene?"

"Ikiwa nene inakatalia kabisa."

Alitoka chini, akaingia stoo na kurudi na vyuma viwili vilivyopindwa pembe, vizito, vya gari la aina ileile lakini la mizigo. Alivilaza kwenye gunia kama mtu anayelaza watoto.

"Ya mbele na ya nyuma," alisema. "Ukiweka ya mbele peke yake, utapata nafuu. Ukiweka na ya nyuma, hii gari itakata kona kama gari ndogo. Lakini itakuwa ngumu. Ngumu sana. Inakimbia wapi zaidi?"

"Lami," Kaleli akajibu. "Barabara ya Garissa."

"Na marram," nikasema. "Wagonjwa wetu wanatoka kwa marram."

Kaleli alicheka, wala si kwa ubaya. "Marram ni pale mwanzo tu."

Odongo alinitazama, kisha akamtazama yeye. "Kwa marram hii kitu inafunga magurudumu mawili pamoja. Moja ikiingia shimo, ile ingine inavutwa. Mtu akiwa amelala huko nyuma atasikia."

"Mgonjwa anataka kufika," Kaleli akasema. "Weka zote mbili."

Odongo alifuta mikono kwa kitambaa, akachukua spana. Mwenye usukani alikuwa amesema. Sikuulizwa tena, wala fundi hakuulizwa tena.

Tulirudi jioni hiyo jua likiwa bado juu. Tulipofika ile kona ya darajani, Kaleli aliweka chupa ya maji wazi juu ya dashibodi, akaingia kona kwa mwendo ambao ungenifanya nipige kelele wiki moja kabla. Maji yaliinama kidogo tu. Gari lilipita limesimama wima, kama limeshikwa na mkono kutoka chini. Aligeuka upande wa pili wa daraja, akarudia, mara hii simu yangu ikirekodi. Kisha akaegesha kando, akazima injini, akalaza paji la uso kwenye usukani. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Inanisikia, Ndu," alisema. "Sasa inanisikia."

Nami nilifurahi. Nilikuwa nimekaa mbele.

*

Mgonjwa wa kwanza kulalia vyuma vile alikuwa bibi mmoja wa upande wa mtoni, nyonga imevunjika. Alilia kutoka mlangoni kwake mpaka barabara ya lami. Nilidhani ni nyonga. Wa pili alikuwa mwanamume aliyepasuliwa tumbo, tunamrudisha nyumbani. Alijikumbatia tumbo njia nzima, na tulipofika, shati lake lilikuwa limelowa jasho kana kwamba amevuka mto. Na mimi mwenyewe nilianza kuamka na maumivu ya shingo. Nyuma ya gari lile, kila shimo lililokuwa kushoto sasa lilifika kulia pia.

Nilimwambia Kaleli tukiwa mezani.

"Walilia hata zamani," akasema.

"Si hivi."

"Zamani tulikuwa tunachelewa. Mtu akichelewa analia zaidi, halafu ananyamaza kabisa."

Ile video ya chupa ya maji ilikuwa imezunguka kwenye simu za kanisa lote. Madereva wa vijiji vingine walikuja kulala chini ya gari letu na kutazama. Jumapili baada ya ibada Kaleli alisimama nao uwanjani, akieleza kwa mikono, mkono mmoja ukiwa gari na mwingine ukiwa barabara. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Hofu ilikuwa imemtoka, na mahali ilipokuwa imekaa palikuwa pameingia kitu kingine, na kitu hicho hakikupenda kuulizwa.

Kila Jumamosi aliingia chini na kufuta vyuma vile kwa kitambaa chenye mafuta. Siku moja nilikaa karibu na miguu yake iliyotokeza nje, nikasema, "Toa ya nyuma tu. Ya mbele uiache. Odongo mwenyewe alisema ya mbele ingetosha."

Kitambaa kilisimama.

"Nduku, nikitoa hii, tukianguka, ni nani yuko huko nyuma? Mimi niko na mkanda. Wewe unasimama. Hii kitu niliiweka kwa ajili yako."

Alilosema lilikuwa kweli, au nusu yake ilikuwa kweli, na nusu hiyo ndiyo aliyonionyesha. Nilinyanyuka nikaenda kuanua nguo.

*

Muthoka, ndugu yangu, alichonga mawe ya kujengea. Alikuwa mdogo wangu, mtu wa vichekesho, kifua kipana, kope siku zote nyeupe kwa vumbi. Kaleli alikuwa shemeji yake lakini walipendana kama waliozaliwa tumbo moja; mechi yoyote ya mpira waliitazama pamoja, na wakikosana walikosana juu ya mpira. Nasema hili kwa sababu watu waliosikia kisa hiki Ruiru hudhani mume wangu alikuwa na chuki. Hakuwa nayo. Mara nyingine nadhani ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa nayo.

Ukingo wa machimbo ulimomonyoka asubuhi, baada ya mvua. Alianguka na jiwe lake. Wenzake walikuwa na akili: hawakumwinua kwa makwapa, walitafuta mlango wa mbao na kumtelezesha juu yake. Tulipofika alikuwa anaongea.

Nilimvua buti. "Sogeza vidole."

Alisogeza. Vyote, vya miguu yote miwili, vimepasuka, vumbi kwenye kucha.

"Hivyo ni vyangu?" akauliza. "Vichafu hivyo?"

Wanaume walicheka kwa nafuu. Kaleli alicheka pia, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akanisaidia kumfunga mikanda. Kabla sijafunga mlango nilimshika mkono wa shati. "Pole pole hadi kwa lami. Afadhali tuchelewe. Umesikia?"

"Nimesikia."

Na kwa kipande cha kwanza alienda pole pole. Kisha Muthoka alipiga kelele moja, gurudumu lilipogonga jiwe, na naamini kelele ile ndiyo iliyomharibu Kaleli. Wengine wakisikia mtu akilia hupunguza. Yeye alikanyaga. Alikuwa na gari linalomsikia, na dawa yake ya kila kitu ilikuwa kufika.

Hapo ndipo nilipogonga ukuta kwa kisigino. Niligonga mpaka kiatu kikanitoka. Niliita jina lake, kisha nikamwita kwa jina alilokuwa akiitwa na baba yake, kisha nikaita tu. Muthoka alikuwa amefumba macho na meno yake yalikuwa yamekaza. Chini ya viganja vyangu niliisikia misuli ya shingo yake ikijaribu kushika kazi ambayo mimi nilikuwa nashindwa.

"Sista," sauti ya Kaleli ikaja kupitia kidirisha, "mshike vizuri."

Sista. Hakuwepo mtu mwingine wa kutusikia.

Tulipopanda lami kelele zote zilikufa mara moja. Gari lilitulia kama maji kwenye sufuria iliyoepuliwa. Ile kona kabla ya daraja tuliipita bila hata mtungi wa hewa kugonga ukuta. Kazi nzuri, kusema kweli. Nisingeweza kusema si kazi nzuri.

"Muthoka. Sogeza vidole tena."

Alifungua macho. Alikaza uso kama mtu anayenyanyua kitu.

"Nimesogeza," akasema.

Nilitazama miguu yake. Ilikuwa imelala pale ilipokuwa imelala.

"Nimeona," nikasema.

*

Thika, Kaleli aliruka chini na kufungua mlango wa nyuma akiwa na jasho na tabasamu. "Hatujawahi kufika haraka hivi," alisema, akimwambia Muthoka, akimwambia askari wa lango, akiniambia mimi. Nilikuwa na kiatu kimoja. Hakuona.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho yaliyochoka. Aliniita pembeni kwenye korido, akijua kwamba mimi pia ni wa kazi hiyo, na akanieleza bila kuzunguka kwamba miguu ile huenda isisogee tena.

"Alikuwa anasogeza vidole," nilimwambia. "Kule kwenye machimbo. Nimeviona mimi."

"Mfupa ulivunjika alipoanguka. Baada ya hapo, inaweza kuwa uvimbe. Inaweza kuwa njiani. Picha haisemi, na hakuna mtu atakayeweza kukuambia."

Kaleli alikuwa amesimama nyuma yangu. Alipumua, pumzi ndefu, na tangu siku hiyo maneno yale yalikuwa mto wake wa kulalia. Hakuna atakayeweza kusema. Aliyasema kwa mama yetu. Aliyasema kwa mchungaji. Aliyasema akiwa ananawa mikono, peke yake, nilimsikia kutoka jikoni. Mimi pia niliyashika maneno hayohayo, lakini niliyashika upande wenye makali.

Nilienda mbele ya kamati. Hawakuniita, nilienda. Nilieleza jinsi chuma cha nyuma kinavyofanya kazi, nikaeleza wagonjwa niliowaona, nikamtaja bibi wa nyonga. Kuhusu ndugu yangu sikusema zaidi ya lililojulikana. Niliomba kitu kimoja, kitolewe. Wanaume walisikiliza wakiangalia viatu vyao. Mzee Maluki alikunja mikono juu ya tumbo.

"Sista," akasema, "gari hii ilikuwa karibu kuua watu. Leo haiangushi mtu, na inafika mapema. Unataka turudi pale?"

Niligeuka kumtazama mume wangu. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, kofia magotini. Neno lake moja lingetosha. Alikuwa dereva; wasingebishana naye.

"Ni uchungu," aliwaambia, kwa upole kabisa. "Ni ndugu yake. Mumsamehe."

Wakanisamehe. Mmoja wao hata aliniombea.

*

Ngoliba haikufaa tena kwa Muthoka. Kiti chake cha magurudumu kilizama mchangani hadi kwenye mhimili, na choo kilikuwa mbali, na watu walikuja kumtazama. Nilipata kazi kwenye zahanati moja Ruiru, nikapata chumba Kimbo, sakafu ya chini, mlango usio na kizingiti. Kaleli hakuuliza kama naenda kwa muda au naenda kabisa. Asubuhi ya kuondoka alileta ambulensi mpaka uani, akaifungua nyuma, akaanza kutandika machela kwa shuka safi.

"Hapana, shemeji," Muthoka akasema. "Tutatafuta gari ingine."

Alisema kwa adabu. Sikuwahi kumsikia akisema neno baya juu ya Kaleli, si siku hiyo wala baadaye, na hilo nalo lilinichosha, kwa sababu lilimaanisha kwamba hasira yote nyumbani mwetu ilibaki kazi yangu. Kaleli alisimama na shuka mkononi. Aliikunja, pembe kwa pembe, akairudisha kabatini. Gari tulilolipata lilikuwa la kubeba maziwa. Kiti cha Muthoka tulikifunga kwa kamba, naye akaketi katikati ya mitungi, na dereva, mgeni kabisa kwetu, aliendesha taratibu njia nzima bila kuambiwa.

Muthoka sasa anachonga funguo. Ana meza yake chini ya mwavuli karibu na duka la dawa, mashine ndogo na tupa za kila aina. Anasema chuma ni mawe yaliyosoma. Wateja wanampenda kwa sababu ufunguo wake haukwami.

Mwezi wa nane mwaka huu nilimpelekea chakula cha mchana nikamkuta na mteja mrefu aliyenipa mgongo. Nilimtambua kwa sauti.

"Sista," Odongo alisema, akageuka. "Umepotea kabisa. Hata juzi nilimwuliza mzee wako, hakunijibu vizuri."

Nikamwuliza alimwona wapi.

"Si alileta ile gari. Nimeitoa vyuma zote mbili, nimerudisha zile za zamani. Sasa ni laini kama kitanda, inayumba, lakini ndio wanataka." Alicheka kidogo. "Huyo mwenyekiti wenu alishikwa na mawe ya figo. Wakambeba. Nasikia alilia kutoka kwake mpaka kwa lami, akisema wasimamishe gari ashuke atembee. Kufika Thika, kabla hata daktari amwone, ameshapiga simu gari ipelekwe kwa fundi kesho yake."

"Kesho yake," nikasema.

"Kesho yake. Na mzee wako alisimama tu hapo, akiangalia. Nilimwambia vyuma aniachie, kuna mtu wa mizigo atazitaka. Akakataa. Hiyo ya nyuma aliifunga na gunia akaiweka kwa kiti cha mbele, akaenda nayo."

Odongo hakumjua Muthoka. Kwake alikuwa mchonga funguo, mtu aliyeketi chini ya mwavuli. Muthoka alikuwa ameinamia mashine, na kwa muda mkono wake ulikuwa umesimama, ufunguo umebanwa, kidole juu ya swichi. Nilingoja ainue kichwa anitazame. Nilitaka anitazame. Nilitaka tuwe wawili katika jambo lile, mara moja tu, ndipo niweze kulitua chini.

Aliwasha mashine. Chuma kililia, vumbi la manjano likamwangukia mapajani, kwenye lile blanketi analojifunika. Alizima, akachukua tupa ndogo kabisa, akaipitisha kwenye meno ya ufunguo taratibu, moja moja, akiyapuliza. Akaupima kwa kidole gumba. Akaupapasa tena mahali pamoja ambapo mimi sikuona kitu.

"Huu uko sawa," alimwambia Odongo, akimpa. "Lakini ukikataa mlangoni, usiulazimishe. Urudishe hapa."